Chakula Kilichopikwa Alfajiri

Kama umefika mahali ambapo ukiingia nyumbani kwa mtu, kabla hujaitikia karibu, macho yako yameshatafuta choo kiko upande gani, basi haya nimekuandikia wewe. Sikusomea udaktari. Niliishia darasa la saba, na ushonaji nilijifunza mwenyewe kwa kufumua nguo kuukuu na kuzirudishia zilivyokuwa. Sitakueleza utumbo unavyofanya kazi, maana sijui. Nitakueleza nilivyoumwa, na nilivyomkosea mtu wakati naumwa. Mambo hayo mawili kwangu hayatengani, na wewe unayeumwa unaweza kufanya kosa kama langu ukiwa na akili zako timamu kabisa.

Ilianza kiangazi, mwaka ule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Tulikaa Makanyagio, Mpanda mjini, mimi, Baba na Mama. Mwanzoni nilienda chooni mara nne kwa siku, kisha nane, kisha nikaacha kuhesabu mara na kuanza kuhesabu hatua. Kutoka kwenye cherehani yangu barazani hadi choo cha nyuma zilikuwa hatua thelathini na nne. Damu ilipoanza kutoka, hatua thelathini na nne zikawa nyingi mno. Nikahamishia cherehani nyuma ya nyumba na kuwaambia wateja kwamba barazani kuna vumbi.

Sikumwambia mtu kwa miezi mitatu. Mimi ni mtu ambaye mshono ukipinda kidogo naufumua wote, hata kama mwenye nguo hauoni. Mwili wangu kuchafuka hivyo niliuona kama kazi mbaya ambayo nimeifanya mwenyewe, na nilitaka kuirekebisha kabla haijaonekana. Nilifua nguo zangu alfajiri. Nilipokondeana mpaka sketi ikawa inanizunguka kiunoni, niliibana kwa pini na kuendelea kushona.

Aliyegundua ni Mama. Alikuta beseni la maji yaliyobadilika rangi nyuma ya choo, akaja akasimama mbele ya cherehani.

"Mwananje," alisema, yaani mwanangu, kwa Kirundi chake. "Hii damu si ya mwezi."

"Ni ya nini basi?"

"Mimi ndiye nakuuliza. Simamisha hiyo mashine."

Mama huyo hakunizaa. Mama aliyenizaa alifariki nikiwa na miaka saba, na nilipofika miaka tisa Baba akaoa mwanamke kutoka Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi. Alikuwa akileta maharage kuuza stesheni ya treni, na Baba alikuwa kibarua wa reli. Hakujaliwa mtoto. Alinilea mimi kama vile ndiye aliyeniombea. Lakini Shangazi Tereza, dada mkubwa wa Baba anayeishi Kakese, hakuwahi kumwita wifi. Kwa miaka yote alimwita "yule wa kambini".

Miaka ile kijana akikonda na kuharisha, watu walikuwa na jibu moja tu. Hawakulitamka mbele yangu. Jirani alileta uji akauweka chini mlangoni, akarudi nyuma hatua mbili. Kijana aliyekuwa ameanza kuja kwetu Jumapili baada ya kanisa alikuja mara moja zaidi, akazungumza na Baba habari za mvua, hakurudi tena. Dispensari walinipa dawa ya kuhara damu, kisha ya minyoo, kisha ya homa ya matumbo. Kila dawa nilimeza kwa saa yake bila kukosea, nikiamini kwamba nikifuata barabara nitapona. Sikupona, na nikajilaumu kwamba kuna mahali nimekosea saa.

Mama ndiye aliyemwambia Baba kwamba nipelekwe hospitali ya misheni, kule njia ya Tabora. Tulipanda treni mimi na yeye. Kwenye behewa alikaa upande wa nje na kunikinga kwa kitenge chake kila nilipokwenda na kurudi, akiwaambia watu wapishe, kuna mgonjwa hapa, na nyie mtaumwa siku moja.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi siku mbili kabla ya kuonwa. Benchi lile lilikuwa refu, la mbao, limeng'aa kwa makalio ya watu. Nilikaa mwisho wake, upande wa choo. Mzee mmoja mwenye mguu uliovimba aliniangalia nikienda mara ya tano asubuhi ile, akasema, "Binti, huko unakokwenda wamekupa shamba?" Watu wakacheka. Mama akacheka pia, akamjibu, "Ndiyo, na wewe ukimaliza kuvimba tutakupa kipande." Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu kiangazi. Nikacheka, nikalazimika kukimbia tena.

Walinipima damu. Majibu ya kile ambacho kila mtu alikiogopa yalichukua wiki tatu, na siku yalipotoka Sista daktari aliniambia kwa sauti ya kawaida kwamba sina. Alikuwa mzee, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisema utumbo wangu mpana una vidonda, kwamba ugonjwa huo hauondoki ila unaweza kutulizwa. Akanipa vidonge vya njano vya kumeza kila siku na vingine vidogo vyeupe vya kupunguza polepole. "Polepole," alirudia, maana aliniona mapema kwamba mimi ni mtu wa kutaka kumaliza haraka.

Vidonge vyeupe vilinivimbisha uso. Mashavu yakawa ya mviringo, shingo ikaota nundu kwa nyuma, na nywele laini zikaota pembeni mwa taya. Wale waliokuwa wakisimama hatua mbili kutoka kwangu sasa walisogea. "Fausta umenawiri," walisema, na wengine wakauliza nimeolewa lini. Mimi nilijiangalia kwenye kioo cha kupimia nguo nikaona mtu mwingine ameingia ndani ya gauni langu. Lakini mvua zilipoanza, damu ilikuwa imekoma. Mara mbili kwa siku, kama watu wengine. Nilirudisha cherehani barazani. Nilidhani yameisha.

Hapa ndipo sehemu mbaya zaidi inapoanza, na kama uko kwenye sehemu hii, pole sana.

Ilikuwa katikati ya mvua. Nilikula mchana, na kabla sijanawa mikono uso ukaanza kuwaka kama mtu aliyeinamia jiko. Kisha kichwa, kisha moyo ukaenda mbio, kisha vipele vya kuwasha kifuani na mapajani, mwisho tumbo likakata nikakimbia. Damu haikutoka. Jioni nilikuwa mzima. Kesho yake ikawa hivyohivyo. Siku ya tatu hakuna kitu. Siku ya nne nililala sakafuni chooni kwa sababu nilikuwa naona giza.

Ugonjwa wa kwanza ulikuwa na damu, na damu mtu anaielewa. Huu wa pili ulikuja na kuondoka kama mtu anayenitania. Nilianza kuogopa sahani. Nikanunua daftari la kurasa mia, nikachora mistari kwa rula, nikaandika kila nilichokula, saa niliyokula, na kilichofuata. Samaki: uso kuwaka, moyo. Mtindi: vipele. Nyanya: kichwa. Nikaacha samaki, nikaacha mtindi, nikaacha nyanya, nikaacha karanga. Lakini mchicha ulinidhuru Jumanne na haukunidhuru Alhamisi. Maharage hivyohivyo. Nilikaa na daftari lile kama mtu aliyepoteza sindano kwenye mkeka. Wiki moja nilikula ugali na chumvi tu, nikawa nalia nikiuona ugali.

Sasa sikiliza nilichofanya. Kwa kuwa vyakula havikunipa jibu, niliongeza mstari mwingine kwenye daftari. Niliandika: nani kapika.

Lazima nieleze Mama alivyokuwa akipika. Shamba letu liko Magamba, na msimu ule Baba alikuwa amepelekwa kikazi kwenye njia ya reli, kwa hiyo Mama alilima peke yake. Aliamka kabla ya kuku. Kabla hajachukua jembe alinipikia mimi kwanza, chakula cha mchana na cha jioni kwa pamoja, kwa sababu nilikuwa dhaifu na hakutaka niinamie moshi. Alinunua samaki, migebuka mikavu, kwa wachuuzi waliotoka nayo Karema, ziwani, akaiunga kwa nyanya na karanga; nilipoviacha hivyo, alinipikia maharage au mchicha. Akaweka chungu kwenye majivu ya moto ili chakula kisipoe, akakifunika, akaenda. Yeye alibeba viazi baridi. Nilikula mchana kile cha alfajiri, na jioni nikala kilichobaki. Siku za Jumapili Baba akiwepo tulipika na kula papo hapo, sote watatu. Siku ambazo Mama aliumwa mgongo nilichuma majani na kujipikia mwenyewe.

Daftari likajaa. Nikapiga hesabu kwa namna nilivyojua. Nikijipikia, mzima. Mama akipika, naumwa karibu kila mara. Nilirudia hesabu mara tatu nikitafuta kosa, na kila mara ilitoka ileile. Sikutaka itoke hivyo. Lakini nilikuwa nimechoka kiasi ambacho jibu lolote lilikuwa afadhali kuliko kutokuwa na jibu, na hilo ndilo jambo ninaloona aibu kuliko damu.

Shangazi Tereza alikuja kuniona, akanikuta nimelala na kitambaa cha maji usoni. Aliuliza naandika nini. Ningeweza kulificha daftari chini ya godoro. Nilimpa.

Alisoma taratibu akifuata kwa kidole, maana alijifunza kusoma ukubwani. Alipofika ule mstari wa mwisho akafunga daftari.

"Umeandika wewe mwenyewe haya?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Hakuna aliyekwambia uandike?"

"Hakuna."

"Basi mimi miaka kumi na mbili nilikuwa sisemi uongo," alisema, akajifunga kanga upya na kuondoka bila kunywa maji.

Baba aliporudi, Shangazi aliitisha kikao. Walikuwepo Baba, Shangazi, mzee mmoja wa kanisa, mimi na Mama. Mama alikuwa ametoka shamba, miguu ina udongo, akadhani tunazungumzia kunirudisha hospitali. Alikaa chini kwenye mkeka akasema, "Mimi nasema aende, hata kwa kuuza mbuzi wangu."

Shangazi akasoma daftari kwa sauti. Jumatatu, kapika Mama, moyo mbio. Jumanne, kapika Mama, vipele. Alisoma kurasa mbili nzima. Aliposita kwenye neno, nilimsaidia. Ndiyo, nilimsaidia kulisoma.

Mzee wa kanisa akanigeukia. "Binti, huyu ndiye aliyekulea. Unasema nini?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kusema. Ningeweza kusema sijui. Nilisema, "Mimi sisemi kitu. Nimeandika tu kilichotokea."

Mama aliniangalia. Hakulia, hakujitetea. Aliuliza swali moja tu, na alimuuliza Baba. "Na wewe?"

Baba akaangalia chini. Kisha akasema ingefaa kwa muda Shangazi ndiye anipikie, mpaka ijulikane.

"Mpaka ijulikane nini?" Mama aliuliza.

"Mpaka ijulikane," Baba akasema.

Shangazi akahamia kwetu. Na nyie mnaosoma mtaona ukatili wa mambo haya: nikapata nafuu. Shangazi hakuwa na shamba Magamba, alishinda nyumbani, akapika saa ya kula, mboga za majani zilizochumwa muda uleule, yai, ugali wa moto. Siku ya tatu uso ukaacha kuwaka. Siku ya sita nilishona sare mbili za shule bila kunyanyuka. Majirani walitikisa vichwa. Mama alikuwa akipita uani na ndoo, haruhusiwi kugusa chungu changu, na kila mtu aliniona ninavyopona. Baada ya wiki mbili alifunga nguo zake kwenye kitenge akarudi Katumba kwa kaka yake. Nilimwona akiondoka. Nilikuwa napindisha pindo la sketi, na sikusimamisha mashine.

Shangazi alichoka kukaa kwetu. Mvua zilipokaribia kuisha alirudi Kakese, akawa anapika kwake asubuhi na kuniletea chakula kwa baiskeli, kimefungwa vizuri. Siku ya pili uso ukawaka. Siku ya nne nikaanguka barazani mbele ya mteja aliyekuja kuchukua gauni la ubatizo.

"Amekuachia kitu mwilini," Shangazi alisema. "Lazima tukitoe."

Niliangalia daftari. Nani kapika: Shangazi. Moyo mbio. Nikaandika, na kwa mara ya kwanza nilipata hofu ambayo haikuwa ya kuumwa.

Siku za kurudi kliniki zilikuwa zimefika. Nilipanda treni peke yangu. Hakuna aliyenikinga kwa kitenge, nikajikinga mwenyewe kwa magazeti. Nilikaa kwenye benchi lile nusu siku, na mzee wa mguu hakuwepo. Sista alinipima, akasema vidonda vimefunga vizuri. Nikamwambia kuhusu uso na moyo, nikampa daftari. Alisoma kila ukurasa kwa muda mrefu. Alisema ni kazi safi kuliko ya wauguzi wake, na moyo wangu, Mungu anisamehe, ulifurahi.

Kisha akauliza, "Chakula kilipikwa saa ngapi?"

Sikumwelewa.

"Umeandika umekula nini, saa ngapi, na nani kapika. Hukuandika kilipikwa saa ngapi. Kilikaa muda gani kabla hujala?"

Akaniandikia neno kwenye karatasi, histamini, akasema si lazima nilikariri. Chakula kikikaa, hasa samaki, nyama, na vile vilivyochachuka, hilo jambo huongezeka ndani yake. Watu wengi mwili wao hulimaliza. Utumbo wangu uliotoka vitani haukuweza. Kukiweka chakula kwenye majivu ya moto kutwa nzima ni kama kuilea hiyo histamini. Samaki mkavu wa ziwani ndiyo mbaya kuliko vyote.

"Aliyekuwa akikupikia alikupa chakula bora kabisa," alisema, akiwa ameshaanza kuandika dawa ya mzio. "Alikipika mapema mno, basi."

Nilitoka nikakaa kwenye benchi. Jina langu liliitwa mara tatu dirishani kwa ajili ya dawa, na mwanamke aliyekaa kando yangu akanigusa bega akidhani nimezirai. Nilikuwa nahesabu. Kutoka alfajiri hadi mchana, muda wa saa nane. Hadi jioni, kumi na tatu. Kurasa zote zile, na kila ukurasa nilikuwa nimeandika jina lake mahali palipotakiwa kuandikwa saa.

Nilipofika Mpanda nilimweleza Baba. Akaniambia nirudie tena, nikarudia. Kisha akatafuta baiskeli. Tulienda Katumba kesho yake.

Mama alikuwa anapura maharage kwa kaka yake. Nilipiga magoti kwenye maganda nikamweleza yote, hata neno la kwenye karatasi. Alisikiliza akiendelea kupura. Nilipomaliza aliuliza, "Kwa hiyo ni wale migebuka?"

"Ni kukaa, Mama. Ni kukaa kwenye majivu."

"Mimi nilifikiri kikiwa cha moto ndiyo vizuri." Akaokota harage lililoruka, akalirudisha kwenye rundo. "Kumbe kweli nilikuwa nakuumiza."

Nilimwambia si hivyo. Akasema ndivyo, kwenye daftari imeandikwa. Hakusema kwa kejeli. Akasema amesamehe, na alirudi nyumbani baada ya kuuza maharage.

Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Sasa nakula kilichopikwa sasa hivi, na kikilala nampa jirani. Samaki nakula yule tu aliyetoka ziwani siku hiyo, ambaye Mpanda ni wa bahati. Vidonge vyeupe nimeacha, vya njano bado. Uso wangu umerudi. Siku mbaya zipo, siku zingine mbili kwa wiki, na siku hizo huwa nadhani ningekuwa mtu mwingine kama ningezaliwa na mwili mwingine. Kama unaumwa hivi, chora mstari wa saa. Usichore ule niliouchora mimi. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo.

Mama haendi tena Magamba kabla sijala. Hupika nikiwa nimekaa pale jikoni, hupakua chungu kikiwa bado kinachemka. Lakini huku kwetu, pombe ikipelekwa kwa mgeni ambaye hana imani na mwenyeji, mpikaji huonja kwanza mbele yake ndipo ampe. Nyumbani kwa mtu na mwanawe hakuna anayefanya hivyo. Tangu aliporudi, Mama akinipakulia, humega tonge moja kwenye sahani yangu, hulichovya, hulila nikiona, hutafuna mpaka limalizike, kisha husukuma sahani upande wangu. Hata maji ya kunywa hunywa funda kwanza. Nilimwomba aache, nikamwomba nikilia. Alishangaa, akasema ni mazoea tu, mwananje, kula kabla hakijapoa.